Rubani Anayesikia Mioyo

Kwa miaka zaidi ya ishirini niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba rubani wa helikopta ya jeshi akisifiwa kwa ushujaa vitani, anapelekwa hospitali, anatolewa masikio yake ya ndani na kuwekewa masikio ya popo. Ile medali wanayomvalisha kifuani ni alama tu, ya kuwaonyesha wenzake kwamba huyu ameshafanyiwa. Tangu siku hiyo, hata akiwa juu angani na mashine inanguruma namna ile, anasikia moyo wa mtu aliyelala chini katikati ya mihogo. Anausikia, anageuza helikopta, anakuja.

Habari hii nilipewa na mwanamume mmoja aliyekuwa amebebeshwa mizigo na askari, siku zile tulipojificha mashambani nyuma ya Pweto tukingoja mtumbwi wa kutuvusha kuja upande huu wa ziwa, wa Zambia. Nilikuwa na miaka tisa. Aliieleza kwa utulivu, kama fundi anayeeleza kazi yake, na dawa akatupa palepale: chukua tope, paka kifuani, lala kifudifudi, ili moyo uongee na udongo usiongee na hewa. Tulipaka. Nadhani ziwa Mweru halijawahi kuvusha watoto wachafu kuliko sisi.

Helikopta ilipita mara tatu. Ilikuwa ya nani, hatukujua, na mpaka leo kila mtu ana jibu lake. Mara ya tatu ilipiga upande wa barabara. Mume wa dada yangu alikuwa kule barabarani. Alikuwa amerudi kuchukua godoro.

Dada yangu huyo, ambaye kwetu namwita yaya kwa sababu ndiye mkubwa wangu, alikuwa na miaka kumi na tisa na ndoa ya miezi saba. Baada ya hapo alinibeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi, mimi na urefu wangu wote, miguu yangu ikivuta maji pande zote mbili kama kasia. Tulifika huku, tukapewa hema, halafu shamba, halafu maisha. Habari ya barabara hatukuiongea tena. Haikuwa imekatazwa. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, basi.

Mtu atasema: lakini wewe ulisoma. Kweli nilisoma. Nilisoma shule ya jioni hapa Nchelenge, nikiwa na ndevu, nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yananigusa kidevu. Ada ilitoka kwenye samaki wa yaya, wale chisense wadogo anaowanunua kwa wavuvi wa Kabuta na Mununga, anawakausha, anawauzia wanawake wa Mwansabombwe. Mtihani wa sayansi ulituletea sikio. Nililichora, nikaandika jina la kila sehemu mpaka ile mifupa mitatu midogo, na mwalimu akasema tangu azaliwe hajaona sikio zuri kama lile. Lakini nilipokuwa nachora, nilikuwa najiambia: haya ni masikio yetu sisi raia. Ya marubani ni mengine.

Bon. Cheti nilikipata. Nimekipitisha kwenye mashine ya plastiki mara tatu, sasa hata risasi haiwezi kuingia. Mashine hiyo ni yangu: nina kibanda cha fotokopi karibu na soko la Kashikishi. Napiga fotokopi, nafunga vyeti kwa plastiki, nachaji simu, naandikia watu barua za maombi zinazowafanya mabosi walie. Watu wananiita ba teacha, ijapokuwa sijawahi kufundisha hata mbuzi.

Mwaka ambao imani yangu hiyo ilipimwa, uvuvi ulikuwa umefungwa. Kila mwaka serikali inafunga, tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Nyavu zinakauka, mitumbwi inapinduliwa kifudifudi mchangani, na watu wanabaki na midomo. Ndio wakati wa kuleta injini kwa fundi, na fundi mwenyewe alikuwa mgeni. Alikuwa amefika miezi michache kabla, mtu mrefu, shati ndani ya suruali hata akiwa amejaa grisi, anakaa chumba cha kupanga upande wa Kabuta. Walimwita Kapteni. Alikuwa Mzambia wa kusini kidogo ya hapa, Kiswahili chake cha bandarini tu, cha kuuliza mafuta na spea. Hakunywa pombe, hakukaa na watu kubishana juu ya mpira. Bandarini kwetu, ambako hata bata anatoa maoni, mtu asiyeongea ana kitu cha kuficha. Wenye mitumbwi walisema tena jambo lingine: anaziuma injini kwa meno. Nilicheka, nikajua wanatia chumvi. Ile kazi ya kutia chumvi hapa nilidhani ni yangu mimi.

Jumamosi moja mchana, mzee wa kanisa mmoja, mnunuzi wa samaki, akaja nyumbani amevaa koti. Alikuwa na sahani mbili zilizofunikana uso kwa uso, zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Sisi ni watu wa ng'ambo, lakini tumekaa hapa vya kutosha kujua hiyo ni nini. Kwa Wabemba, mwanamume hajiombei mke mwenyewe. Anatuma mshenga, wanamwita shibukombe, na shibukombe anakuja na sahani. Jamaa ya mwanamke wakifungua kitambaa, wamekubali mazungumzo. Wakiirudisha imefungwa vilevile, wamekataa. Wakiiweka ndani bila kuifungua, bado wanafikiri.

"Tulipita, tukasikia hapa iko moto," mzee alisema. "Mutoto wetu iko na baridi."

"Mutoto gani, muzee?"

"Ule wa mashine. Kapteni."

Yaya alikuwa jikoni. Kelele za sufuria zilinyamaza ghafla, kwa hiyo nikajua moto wenyewe una habari.

Nilifurahi, sisemi uongo. Dada yangu alikuwa na miaka arobaini na tatu. Nikauliza swali la adabu tu, la kujaza nafasi: "Na mbele ya hizi mashine za mitumbwi, alikuwa anatumika kazi gani?"

"Jeshi," mzee akasema, akajinyoosha kama ni yeye. "Rubani wa helikopta. Na haiko rubani wa kupeleka bakubwa ku arusi, apana. Waliwaita mbele ya jeshi yote, yeye na mwenzake, wakawavalisha medali. Ushujaa mu vita. Mutapata mulamu wa maana, shemeji ya kujivunia."

Mkono wangu wenyewe, bila ruhusa yangu, ulikwenda kufunika kifua.

Nilipokea sahani. Nikaiweka juu ya kabati, kati ya redio mbovu na Biblia, na haikufunguliwa siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata.

Sikumwambia yaya sababu. Nilidhani hajui kazi aliyoifanya yule mtu. Ningeanzaje? Ningesema, yaya, huyu anayekutaka, labda yeye ndiye. Labda alikuwa juu siku ile, labda aliwasikia wote waliokuwa barabarani mmoja mmoja. Miaka ilikubali: mwanamume wa karibu na hamsini leo, siku ile alikuwa kijana wa jeshi. Jeshi la nchi hii halikuwa na vita kule, nilijua, nilisoma. Lakini marubani wanaazimwa. Wanauzwa. Wanabadilisha nchi kama shati. Usiniulize nilisoma hilo wapi. Wakati ule nilijua mambo mengi sana.

Yaya alipangusa vumbi kwenye kile kitambaa kila jioni. Siku ya tisa akaniuliza.

"Ile sahani inakula nini pale juu?"

"Inangoja, yaya."

"Inangoja nini?"

"Uchunguzi."

"Uchunguzi. Umekuwa polisi?"

"Miye njo mukubwa wa jamaa. Lazima nijue mutu tunamupa nani."

"Mukubwa wa jamaa," alisema, "miye njo nilikuwa nakupangusa makamasi." Halafu akakaa, na sauti ikashuka. "Miaka yenye nimekaa peke yangu, ingekuwa mutu ingekuwa imeshapiga kura mara mbili. Muzee anarudi Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Ukimurudishia sahani na kitambaa yake, yule mutu hawezi kuuliza mara ya pili. Njo desturi yao. Unaelewa?"

Nilielewa. Ndiyo maana nilikwenda bandarini kesho yake asubuhi.

Alikuwa ameinama juu ya injini, mgongo kwangu. Nilisimama nyuma yake, upande wa kushoto, mahali pazuri pa kumwona bila yeye kunitayarishia uso. Nikasema kwa sauti ya kawaida: "Kapteni, mwaka ule wa vita ya Pweto, ulikuwa wapi?"

Aliendelea kufungua nati.

Nikauliza mara ya pili, polepole, kama wakili. Akachukua bisibisi, akaweka ncha yake kwenye chuma cha injini, akauma mpini kwa meno, akafumba macho. Kumbe hawakutia chumvi. Alikaa vile kwa muda wa kutosha kuchemsha chai. Mvuvi aliyekuwa anashona wavu kando akanikonyeza.

"Unaona, ba teacha? Anaionja."

"Inapona?"

"Yangu ilipona. Lakini miye sikulala ile siku, kwa woga."

Mtu asiye na kosa anajibu. Hata mimi ukiniuliza jana nilikuwa wapi, nakujibu, hata kama nakudanganya. Huyu hakudanganya, hakukataa, alinyamaza. Halafu akageuka kutafuta spana, akaniona, akashtuka mpaka spana ikaanguka. Akanitazama. Hakunitazama macho, alinitazama mdomo, namna unavyotazama mlango wa nyumba uliyoambiwa ina mbwa. Akainama nusu, akapiga makofi polepole, kama wanavyofanya hapa kwa wakwe. Nikasema moyoni: heshima kubwa namna hii inafunika kitu.

Nilirudi kibandani, nikafungua daftari langu la zamani la jiografia, nikaandika ukurasa wa nyuma: Hajibu. Anashtuka. Anaogopa macho. Bisibisi.

Nikatuma neno kwa mzee wa kanisa: kabla ya kufungua kitambaa nataka kuona karatasi ya ile medali. Nilidhani atakataa, na kukataa kungemaliza kesi. Hakukataa. Jumatano, soko likiwa limejaa, Kapteni mwenyewe akaja na bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza yangu, akarudi hatua moja, akasimama mikono nyuma.

Ilikuwa barua ya Kiingereza, ndefu, na Kiingereza cha jeshi hakina huruma. Nilisoma midomo ikichezacheza. Ilisema kwamba yeye na mwenzake waliazimwa kwenda na walinda amani nchi ya mbali sana, nchi ambayo hata kwenye ramani ya shule ya jioni ilikuwa imefunikwa na kidole cha mwalimu. Kikosi cha waenda kwa miguu kilizingirwa shambani. Helikopta mbili zilikwenda, moja ikapigwa ikarudi. Ya kwao ilishuka katikati ya risasi, ikapakia majeruhi, ikawapeleka, halafu wakarudi tena mara ya pili, tangi la mafuta likiwa na tundu, kwa sababu walikuwa wamewaacha wanne. Mwenzake alipigwa begani, akaendelea kusoma vipimo kwa sauti mpaka wakafika. Kwa hiyo, ilisema, wote wawili wanastahili.

Kama mtu mwingine angeisoma, angesimama apige saluti. Mimi nilitazama tarehe. Ilikuwa miaka mingi baada ya vita vyetu. Kuhusu mwaka wetu, barua haikusema neno. Na mtu hawi shujaa siku moja, alianzia wapi? Alijifunzia kwa nani? Halafu, mimi ni mtu wa fotokopi. Nimeona vyeti vya ubatizo vya watu ambao hata nyanya zao walikuwa hawajazaliwa. Niliishika barua kuelekea jua. Nikaukwaruza muhuri kwa ukucha. Nikalowesha kidole kwa ulimi, nikausugua, wino ukatoka kidogo. Nikaonja.

Mama mmoja aliyekuwa anangoja fotokopi ya kadi ya kliniki akasema: "Ba teacha, unailamba juu ya nini? Iko na chumvi?"

"Naipima."

"Yangu usiipime. Iko ya mutoto."

Watu wa foleni wakacheka. Kapteni hakucheka. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko kibanda chote, mpaka muuza nyanya wa ng'ambo ya njia akageuka: "Ile shamba ya mu barua ilikuwa ya mahindi."

Basi. Nikapiga fotokopi mbili, moja nikaificha kwa ajili ya kesi. Daftarini niliandika: Anapiga kelele. Mtu wa kweli hapigi kelele. Mahindi, je? Kwa nini aniambie mahindi?

Jioni ile yaya alikuwa ameshasikia kutoka sokoni. Alinipakulia ugali bila kunitazama.

"Ulilamba barua ya mutu."

"Karatasi kila mutu anaweza kuitengeneza, yaya. Miye mwenyewe naweza kuitengeneza nzuri kuliko ile."

"Njo maana unazani dunia yote iko fotokopi," alisema, akaenda kulala. Hakugusa chakula chake. Zilibaki siku tano kufika Jumatatu ya mzee.

Alor, basi, hapo ndipo nilipata akili yangu kubwa. Nilijiambia, ushahidi wa karatasi unaweza kudanganya, lakini masikio hayawezi. Kama huyu ana masikio ya popo, basi moyo wangu atausikia. Akiusikia, atageuka. Akigeuka, nimemshika. Sikumaliza shule bure. Jaribio la kisayansi nalijua. Unahitaji kitu kimoja tu, nacho ni moyo unaopiga kwa nguvu.

Jenereta yangu ilikuwa mbovu kweli, kwa hiyo sababu ya kumwita haikuwa uongo. Kama mkwe, kwa desturi yao, hakuweza kuingia ndani wala kula kwetu, lakini fundi anaweza kukaa uani. Jumapili baada ya kanisa alikuja na mfuko wake wa vyuma, akapewa kigoda, akainamia jenereta. Yaya alikuwa mlangoni mwa jiko, ananyunyuzia chumvi samaki wa bwawa, maana ziwa lilikuwa bado limefungwa, amevaa kitenge kipya ambacho hakuna aliyekuwa amemwomba akivae.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanza kukimbia. Nilizunguka nyumba mara nane. Mbuzi wa jirani walikimbia pamoja nami mara mbili za kwanza, wakachoka, wakaniachia. Mara ya nane moyo wangu ulikuwa unapiga kama ngoma za sikukuu ya Mwansabombwe, siku mfalme anapotoka kucheza na mapanga yake; ninakuapia majani ya paa yalikuwa yanatetemeka. Nikafungua vifungo vya shati. Nikanyata, nikasimama nyuma ya kigoda chake, upande wa kushoto, kifua changu na kichwa chake vimeachana kwa upana wa kiganja.

Hakugeuka.

Alikuwa ameweka mkono wazi juu ya jenereta, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Nilihema. Jasho langu likaanguka kwenye kola yake. Hakugeuka. Nikasema moyoni: huyu ni hatari kuliko nilivyodhani. Anausikia, anajizuia. Wamewafundisha kujizuia.

"Unafanya nini?" Yaya alikuwa amesimama na kisu cha samaki mkononi.

Nikamvuta mpaka kando ya jiko. Bado nilikuwa nahema, maneno yalitoka vipande vipande.

"Kesho muzee akija, namurudishia sahani."

"Juu ya nini?"

"Huyu mutu alikuwa rubani wa helikopta."

"Najua."

"Walimupa medali."

"Najua. Nimeishika."

"Yaya," nikasema. "Barabara."

Ilikuwa mara ya kwanza mmoja wetu kulitamka neno lile mbele ya mwenzake. Alikifuta kisu kwenye gunia, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Unazani sikumuuliza?" alisema. "Nilimuuliza mbele ya kumupa hata maji ya kunywa. Siku ya kwanza alikuja kununua chisense, nikasikia batu banasema rubani. Nikamuambia, sikuuzishie mpaka unaniambia ulikuwa wapi ile mwaka. Kesho yake akaniletea kitabu. Marubani bote beko nacho, banaandika kila safari, siku, fasi walikwenda, saa ngapi walikuwa juu. Nilikaa nacho juma nzima. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa, na kidole. Ile siku ya barabara alikuwa mwanafunzi. Alikuwa mu kiwanja ya shule yao, mbali na hapa siku mbili ya basi, anafundishwa kupanda na kushuka. Kupanda na kushuka, ile tu, mwezi muzima."

"Kitabu mutu anaweza kuandika upya."

"Kurasa zote zile? Juu ya muuza chisense?"

Shaka ikishazoea kukaa ndani ya mtu haitoki kwa mlango wa kwanza. "Kama haiko yeye, juu ya nini hanijibu? Nilimuuliza ku bandari mara mbili. Alininyamazia kama mugomba."

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma yake."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Akakiweka kisu chini. "Hasikie," alisema. "Kushoto hakuna kitu kabisa. Kuume, kidogo sana. Njo maana walimutoa mu jeshi mbele ya wakati. Anasoma midomo. Na usiende kutangaza mu soko, maana benye mitumbwi bakijua fundi hasikie mashine, bataondoa mashine zao zote. Anazisikia na meno na mikono, na zinapona, lakini nani atakubali ile? Aliniambia miye tu. Aliniomba nisikuambie mpaka sahani ifunguliwe, hakutaka umukubali juu ya huruma."

"Haiwezekani, yaya. Masikio yao—"

Na hapo nikamwambia. Popo, hospitali, medali, moyo ndani ya mihogo, vyote. Nilivitoa kwa mfululizo, mtu mzima mwenye cheti, kifua wazi, jasho linachuruzika. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Na ile tope?" nikauliza. "Weye mwenyewe ulinipaka."

"Nilikupaka sababu ulikuwa unatetemeka. Ukipakwa ulikuwa unatulia."

Mimi bado sikukubali. Nasema ukweli wangu wote leo. Nilichukua kifuniko cha sufuria na mwiko wa chuma, nikarudi uani, nikasimama nyuma ya sikio la kushoto la yule mtu, nikapiga. Kuku wa mtaa mzima walipaa. Jirani alitoka na kitambaa cha kufutia vyombo begani kuuliza nani amekufa. Kapteni alitoa plagi ya jenereta, akaipuliza, akaikagua kwenye mwanga.

Kifuniko nikakiweka chini polepole.

Niliingia ndani, nikaishusha ile sahani juu ya kabati, nikatoka nayo, nikaiweka mbele ya yaya pale kwenye mlango wa jiko. Fundo la kitambaa lilikuwa limekaza, nililifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na shanga nyeupe na noti moja iliyokunjwa vizuri. Nilijua ni mzee wa kanisa aliyetakiwa kuwapo, na kesho yake alinigombeza kwa hilo, mzee mzima, dakika arobaini. Yaya hakuniambia asante. Alizichukua zile shanga, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, akarudi kwenye samaki.

Kapteni alikuwa amegeuka kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, akaiona sahani wazi. Alisimama. Akaketi tena. Akapiga makofi yale ya polepole, mara moja, mara mbili, na mikono yake yenye grisi haikutoa sauti nyingi.

Nilivuta kigoda nikakaa upande wake wa kuume. Nilifunga vifungo vya shati. Nikamgeuzia uso wote, mdomo wazi kama mtu aliye kwa daktari wa meno, nikamuuliza polepole, kwa sababu nilikuwa nimengoja tangu nikiwa na miaka tisa: rubani akiwa juu, anaweza kusikia moyo wa mtu aliyejificha chini, katikati ya mihogo?

Aliusoma mdomo wangu mpaka mwisho. Alifikiri, si kwamba swali lilikuwa gumu. Nadhani alikuwa anatafuta Kiswahili chake.

"Apana, mulamu," alisema. "Mu helikopta mutu hasikie kitu. Hata mwenzangu wa pembeni, begani hapa, tulikuwa tunaongea na waya. Moyo hatusikie. Mu mihogo hatuone mutu, tunaona majani tu. Tunasikia mashine tu, na ile mashine njo ilikula masikio yangu."